Dari ya gari inaning'inia: gundi haikushindwa, sponji ndiyo iliyokufa

Fundi, salaam aleikum.

Gari letu ni dogo la milango minne, la mwaka 2006, lililotoka Japani likiwa limeshatumika. Hushinda juani kutwa nzima kazini kwangu Changamwe. Mwaka jana kitambaa cha dari kilianza kujitenga juu ya kiti cha nyuma. Mwanzo palifura padogo tu, kama chapati inapofura kwenye kikaango. Sasa kimeshuka mpaka kinawagusa watoto vichwani, na nikitazama kioo cha kati silioni gari lililo nyuma yangu, naona kitambaa.

Nilianza na pini za mtandio, zikashika wiki mbili. Kisha tukapewa ushauri tutie gundi kwa bomba la sindano. Tulichoma matundu kama ishirini, tukakandamiza, na kweli kikashika. Siku ya tatu niko kwenye foleni ya feri Likoni saa saba mchana, kikaachia chote kwa mpigo. Pale palipotiwa gundi pamebaki madoa meusi, magumu kama kucha.

Fundi mmoja wa viti ametaka shilingi elfu tisa. Anasema hana haja ya kushusha dari, atapaka gundi ndani kwa ndani. Mume wangu anasema kazi hii tunaiweza wenyewe Jumapili moja.

Nataka kujua: kwa nini gundi haishiki? Tukifanya wenyewe tununue nini, kiasi gani? Naweza kutumia kikoi au kitambaa chochote cha Biashara Street? Na pembe ya nyuma kushoto pana doa la mviringo, rangi ya chai ya rangi. Hilo nalo ni la sponji?

Mama wa Watatu, Mikindani

Mama wa Watatu, waaleikum salaam.

Kabla ya lolote, ingiza kidole kati ya kitambaa kilicholegea na ubao ulio juu yake, usugue, kisha ukitoe ukitazame. Kitatoka na unga wa rangi ya binzari, unaonata kidogo kama uliotiwa mafuta. Unga huo ndio jibu la swali lako la kwanza.

Dari ya gari, au silingi kama wasemavyo mafundi wengi, ni vitu vitatu: ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata umbo la paa, sponji nyembamba ya milimita tatu hivi, na kitambaa. Kiwandani kitambaa na sponji huunganishwa kwanza vikawa kitu kimoja, halafu upande wa sponji ndio unaogundishwa kwenye ubao. Sponji yenyewe ni ya poliyurethani, na maadui zake wakubwa ni joto na mvuke wa maji. Mombasa tunavyo vyote viwili. Bati la paa likipigwa na jua la Kaskazi mkono haukai juu yake, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Polepole sponji hukatikakatika ndani kwa ndani mpaka inakuwa unga. Ukichungulia vizuri utaona gundi ya kiwandani bado imekamata ubao, na juu yake pamebaki ngozi nyembamba ya sponji. Kilichokatika ni sponji hapo katikati.

Ndiyo maana gundi ya sindano haikushika. Ililowesha unga, unga ukagandana na kitambaa, lakini unga wenyewe haukuwa umeshikamana na chochote. Pini nazo hushika pale zilipochomwa tu, huku sponji inaendelea kufa pande zote. Na fundi anayetaka elfu tisa apake gundi bila kushusha ubao atafanya lile lile mlilolifanya ninyi kwa sindano, kwa bei kubwa zaidi. Usimpe. Mkiamua kumwachia fundi kazi, sharti liwe moja: ubao utoke nje ya gari, ukwanguliwe, na uuone kwa macho yako ukiwa mtupu kabla hajaleta kitambaa kipya.

Kwa sasa, kwa kuwa huoni nyuma, kivute kitambaa chote ukitoe leo hii. Usingoje siku ya kazi. Vaa barakoa, vua mazulia ya gari au uyafunike kwa shuka kuukuu, ng'oa kitambaa, kisha pitisha brashi laini kwenye ubao ili unga usiwadondokee watoto machoni. Gari litaonekana uchi, ila utaona nyuma. Kihifadhi kitambaa hicho, kitafaa kama kipimo.

Ununuzi sasa. Kikoi hapana, wala kitambaa chochote kisicho na sponji. Ubao wa dari haukutengenezwa uwe laini: una mikwaruzo, viungo na mabonde, na bila sponji kila kasoro itaonekana. Baya zaidi, gundi hupenya nyuzi na kutokea upande wa pili kama jasho. Nenda kwa wauzao vifaa vya mafundi wa viti vya gari, uombe kitambaa cha dari kilichokwisha kuunganishwa na sponji. Kivute kwa mikono miwili uone kama kinanyumbuka kidogo, kwa sababu kisichonyumbuka hakitaingia kwenye mabonde ya taa na ya vikinga jua. Kwenye pembe, jaribu kuibandua sponji kwa ukucha. Ikitoka yote kama ganda, imegundishwa kwa mkono dukani, achana nayo. Ikichanika vipande vipande na mingine ikabaki kwenye kitambaa, ni nzuri. Unene uwe milimita tatu hadi nne. Ikifika sita na zaidi, plastiki za nguzo (zile nguzo za pembeni zinazobeba paa) na taa hazitakaa tena mahali pake.

Kwa gari lako mita mbili zinatosha, kitambaa kikiwa na upana wa mita moja na nusu. Hata hivyo pima kwanza: laza futi ya kamba ifuate mabonde yote, pale ubao ulipo mrefu kabisa na pale ulipo mpana kabisa, kisha ongeza sentimita kumi kila upande. Wenye stesheni wagon wajiandae kwa mita tatu.

Kwenye gundi ndiko wengi wanakoharibu kazi. Unayoitaka ni ile inayopakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke kidogo, ndipo vikutanishwe. Gundi ya mafundi viatu ni ya jamii hiyo, lakini nyingi hulainika kwa joto ambalo paa la gari hulifikia kirahisi, na hapo ndipo dari hushuka tena msimu wa kwanza wa jua. Soma kopo. Tafuta palipoandikwa kwamba inastahimili nyuzi 80 za Selsiasi au zaidi. Pasipoandikwa kitu, usinunue. Lita moja ya kupaka kwa brashi inatosha pande mbili za dari ya gari dogo, na ubao ukiwa mkavu sana wa kunywa gundi chukua lita moja na nusu. Ukipendelea ya kupuliza, makopo mawili ya mililita 500. Gundi nyeupe ya maseremala isikaribie kazi hii.

Ongeza brashi mbili za rangi za inchi tatu, brashi ya nailoni ya kufulia, msasa namba 80, wembe mpya, mkasi mkali, glavu na barakoa.

Jumapili moja haitoshi, mwambie baba watoto kwa heshima. Jumamosi ya kushusha na kukwangua, Jumapili ya gundi, Jumatatu ya kurudisha. Na muwe wawili.

Kushusha dari hakuhitaji nguvu, kunahitaji utaratibu. Toa terminali hasi ya betri, mngoje dakika tano. Kisha tazama plastiki za nguzo na kingo za juu ya milango. Mkiona maandishi SRS AIRBAG, gari lina mifuko ya hewa ya pembeni iliyokunjwa juu ya dari, kando ya paa. Kama mume wako hajawahi kuishughulikia, kushusha na kurudisha mwachieni fundi wa umeme wa magari, ninyi mbaki na ubao na gundi. Mfuko huo hufunguka kwa kuusukuma ukingo wa dari. Ukingo huo ukigundishwa, ukibanwa kwa skrubu au ukifunikwa na kitu kigumu, mfuko hautafunguka inavyopasa siku ya ajali. Na kwa vyovyote, msiwashe swichi ya gari plagi yoyote ya njano ikiwa imechomolewa, maana taa ya mifuko ya hewa itawaka kwenye dashibodi na pengine haitazima bila mashine ya kusoma hitilafu.

Kama hakuna mifuko ya pembeni, endeleeni. Vueni vikinga jua, vishikio vya abiria (skrubu zake hujificha chini ya vifuniko vidogo, vinyanyue kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa), na taa ya ndani. Chomoeni waya wa taa. Boliti za juu za mikanda mara nyingi hufunguka kwa spana ya 14 au 17. Kisha vuteni raba za milango zishuke upande wa juu, mtoe plastiki za nguzo zote. Klipu za plastiki zilizokaa juani miaka mingi hukatika kama biskuti, nunueni kumi za akiba mapema. Mwisho ni klipu za dari yenyewe karibu na kioo cha nyuma. Hapo ubao utashuka kwenye mikono yenu, na kabla ya kuuvuta mtazame upande wa juu kama kuna waya uliobandikwa kwa utepe.

Lazeni kabisa viti vya mbele, mtoe mito ya kichwa, mpitishe ubao mlango wa mbele wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia usukani utawazuia. Uinamisheni, msiukunje. Ubao ukipata mkunjo, alama yake itaonekana chini ya kitambaa kipya maisha yote ya gari.

Paa likiwa wazi ndio wakati wa doa lako la chai. Hilo si la sponji. Doa la mviringo lenye ukingo mweusi kuliko katikati ni la maji yaliyoingia, yakakauka, yakaingia tena. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira polepole, aanze chini ya kioo cha nyuma akipanda juu, dakika tatu kila sehemu. Mkianza juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Kwa pembe ya nyuma, mshukiwa wa kwanza ni raba iliyo chini ya antena, kama antena yenu iko juu ya paa, kisha ukingo wa kioo cha nyuma, kisha mfereji wa paa ambamo silikoni kuukuu imepasuka. Pakianza kutu, kwangueni, mpake rangi ya kuzuia kutu, kwani chumvi ya bahari haingoji. Msigundishe kitu kabla tundu hilo halijazibwa. Mvua za mwaka zikirudi na maji yakapita tena, ubao utalainika na kazi yote itakuwa ya bure.

Ubao sasa. Ulazeni kivulini kwenye turubai, kwa upande ambao upepo unapeleka vumbi mbali nanyi. Sugueni kwa brashi ya nailoni kwa mwendo mmoja, si kwa duara, kisha mfute kwa kitambaa kikavu. Rudieni. Ukiona umemaliza, pitisha kiganja kikavu. Kikitoka na rangi ya binzari hata kidogo, bado. Kwa kawaida huchukua duru tatu na saa nzima au zaidi, na mikono huchoka, lakini hakuna hatua nyingine inayoamua kama dari itadumu au la. Msitie maji, kwa kuwa mbao nyingi za dari zina karatasi ndani. Kama ubao ni wa nyuzi za kioo, vaeni mikono mirefu, utawawasha siku mbili. Yale madoa magumu ya gundi ya sindano msiyang'oe, yatabandua uso wa ubao. Yapigeni msasa mpaka yalingane na pembeni. Penye ufa, gundisheni kipande cha kitambaa kikavu upande wa juu usioonekana.

Siku ya gundi chagueni saa. Fanyeni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku isiyo na mvua, mahali pa wazi chini ya kivuli, pasipo na jiko wala sigara karibu, maana mvuke wa gundi hii hushika moto na hulewesha. Asubuhi mapema na jioni unyevu huwa mwingi mno. Kimiminika cha gundi kikipaa hupoza uso wake, unyevu wa hewa unatua pale, na gundi inageuka nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Ikigeuka hivyo msikutanishe. Ngojeni iwe angavu tena, kisha mpake tabaka jingine jepesi. Juani napo hapana: gundi hukauka juu kabla ya chini.

Pakeni ubao mzima tabaka jembamba la kwanza, mliache nusu saa likauke. Hilo ni la kuushibisha. Tandazeni kitambaa juu ya ubao, mkiweke sawa, kisha mkunje nusu ya mbele irudi nyuma. Pakeni tabaka la pili kwenye nusu hiyo ya ubao, na jepesi kwenye sponji. Brashi ya sponji iwe imekamuliwa, ipite mara moja tu, kwa sababu gundi nyingi huizamia sponji na kutokea usoni. Ngojeni dakika kumi hadi ishirini. Gusa kwa mgongo wa kidole: kinate, lakini kisivute nyuzi.

Anzeni kukilaza kutoka katikati kwenda nje, mmoja akikishikilia juu, mwingine akipapasa kwa kiganja. Msikikandamize kwa nguvu, alama za vidole hubaki kwenye sponji. Mkifika kwenye kibonde, kama cha taa au cha kikinga jua, simameni. Makosa mengi ya dari iliyoshuka baada ya mwezi huanzia hapa. Mtu huona kitambaa kimevuka juu ya kibonde kama ngozi ya ngoma, akakigandisha ng'ambo ya pili kwanza, halafu akajaribu kukisukuma kiingie. Kitaingia, naam, lakini kimevutika, na jua la kwanza kali litakitoa. Ingizeni kitambaa kwanza kwenye kitako cha kibonde, kikamate pale, kisha ukuta wake, ndipo mtoke upande wa pili. Kitambaa kiwe kimelegea kabla ya kugusa gundi, kisivutwe hata kidogo. Mkimaliza nusu ya mbele, geukieni ya nyuma.

Kingo zikunjwe nyuma ya ubao sentimita mbili hadi tatu kwa gundi, na kwenye pembe mkate pembetatu ndogo ili zisirundikane. Matundu ya taa na vishikio yakatwe kwa alama ya msalaba, mkiishia sentimita moja kabla ya ukingo, na ndimi zikunjwe nyuma. Matundu madogo ya skrubu yatoboeni kwa msumari mkimulika kwa tochi kutoka nyuma.

Uacheni ubao ulale chali saa 24 kamili ndani ya nyumba. Unaporudi garini, vuteni waya wa taa upite tunduni kabla hamjanyanyua ubao mpaka paani, la sivyo mtaushusha tena. Anzeni na taa na vikinga jua ili vibebe uzito, kisha klipu za nyuma, vishikio, plastiki za nguzo, raba. Boliti za mikanda zifungwe kwa mkono kwanza ili zisiharibu uzi, halafu zikazwe kwa spana mpaka mwisho, na kila mkanda uvutwe kwa ghafla uone unakamata. Gari lisitoke hata kwenda dukani kabla ya hapo, watoto wakiwemo au wasiwemo. Betri iunganishwe mwisho.

Siku mbili za kwanza liegesheni kivulini, vioo vikiwa wazi upana wa kidole, harufu itoke na gundi ikomae. Baada ya wiki moja ya jua la Changamwe, pitisha kiganja kwenye vibonde vyote na kando ya kioo cha nyuma. Ukisikia mahali padogo pamejitenga, msichukue sindano. Toeni taa au plastiki iliyo karibu, mfungue ukingo uliokunjwa, mpake gundi kidogo pande mbili kwa brashi ndogo ya shule, mngoje dakika zile zile, mlaze upya.